Imesomwa Kwake, Naye Ameelewa

Sura ya Tisa

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Sajini Sadallah alifunga mlango wa chumba cha mafaili, akaweka saa yake ya mfukoni juu ya meza, akaanza kusoma kwa sauti karatasi ambayo aliitia sahihi miezi mitano iliyopita bila kuweza kuisoma.

Ilikuwa karatasi moja na nusu, kwa Kiingereza, mwandiko wa karani Antoni. Ilisema kwamba Kornel, mkulima wa kahawa wa Mashati, Rombo, alikiri kumuua jirani yake Basili kwa panga. Ugomvi ulikuwa zamu ya maji ya mfongo, mfereji unaoteremsha maji ya mlimani mpaka kwenye migomba. Kwa nguvu ya karatasi hiyo jaji alimhukumu Kornel kunyongwa, na Gavana alikwisha kuridhia. Jumamosi adhuhuri Kornel angepandishwa gari moshi kwenda kwenye gereza lenye kitanzi.

Sadallah alisoma sentensi moja kwa Kiingereza, akaisema kwa Kiswahili, akanyamaza kidogo kama anayemwachia mkalimani nafasi, kisha akaenda kwenye sentensi ya pili. Alipofika mwisho alitazama saa. Dakika thelathini na nne.

Juu ya karatasi Antoni alikuwa ameandika kwamba maelezo yalianza saa nne kamili na kumalizika saa nne na dakika ishirini na tano. Ndani ya dakika hizo ishirini na tano Kornel aliulizwa, akajibu, akatafsiriwa, akaandikwa kwa mkono, kisha akasomewa yote tena. Ndivyo karatasi ilivyosema. Chini kabisa, juu ya alama ya kidole gumba, palikuwa na ile sentensi:

Imesomwa kwake kwa lugha yake, Kichagga, kupitia mkalimani, naye amekiri kwamba ameelewa na kwamba ni sahihi.

Jana jioni Mwalimu Theodory aliiandika sentensi hiyo ubaoni katika darasa la watu wazima, pale ambapo makarani, askari na mafundi wa mjini walikuwa wakijifunza Kiingereza cha ofisi. Aliigonga kwa chaki. "Hii mtaikuta kila mahali," alisema. "Watu huiona kama pambo la kumalizia barua. Si pambo. Ni kiapo juu ya jambo lililotendeka. Kama hukumsomea mtu, usiiandike, hata kama nafasi imebaki wazi."

Sadallah alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na Kiingereza alikianza baada ya mvua za masika. Aliinakili sentensi hiyo mara mbili kwenye daftari. Ya tatu hakuimaliza.

Alikunja karatasi, akafungua mlango, akamwita Antoni.

Karani aliingia na kalamu sikioni. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola.

"Keti," Sadallah alisema. "Mkeo ni mtu wa wapi?"

"Mashati, afande. Rombo."

"Na marehemu Basili?"

"Mashati pia." Antoni alitabasamu. "Afande, Mashati ni kubwa. Hata Kornel ni wa Mashati."

"Sikukuuliza ukubwa wake. Mkeo ana undugu na Basili?"

"Hapana. Undugu wake ni na Kornel. Mama yake Kornel ni shangazi wa mke wangu." Tabasamu lilimwisha. "Tangu hukumu itoke sijala chakula cha moto nyumbani kwangu. Ananiwekea ndizi za jana na sahani imefunikwa, kama mgonjwa."

Sadallah alilikata kwa mstari neno "undugu" katika daftari lake. Tangu jana usiku alikuwa akiamini kwamba mtu alitaka Kornel afe, na kwamba mtu huyo alikuwa karibu na kalamu. Sasa alivuta droo iliyokuwa mezani. Ndani yake mlikuwa na maelezo sitini na moja ya miaka minne, yote kwa mwandiko wa Antoni.

"Soma hii. Mstari wa mwisho tu."

Antoni alisoma.

"Ni maelezo ya nani?"

"Ya yule Mgiriki wa shamba la katani, aliyeibiwa pampu."

"Karatasi inasema alisomewa kwa lugha yake, Kichagga, kupitia Efraimu."

Antoni aliirudia karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Yule bwana anajua Kichagga?"

"Hajui hata kusalimia, afande. Yeye alisema Kiingereza, nami nikaandika."

"Na hii?"

"Fundi cherehani wa Kiboriloni. Yule aliyeona wezi wakivunja duka."

"Yule bubu?"

"Ndiye."

"Alisomewa, akakiri kwamba ameelewa. Alikiri kwa sauti gani, Antoni?"

Karani alitoa kalamu sikioni akaishika kwa mikono miwili. "Afande, mimi niliwekwa hapa nikarithi kazi ya karani aliyekuwepo. Aliniachia mfano mmoja wa maelezo, akaniambia kila karatasi inaishia pale. Isipoishia pale, Bwana Inspekta anairudisha. Nami nikaona ni kama Amina. Sala ikiisha, mtu husema Amina."

"Amina huisema aliyesali."

"Ndiyo, afande."

"Siku ile ya Kornel, ulimsomea?"

"Sikumbuki kumsomea." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Sikumbuki kumsomea mtu yeyote. Lakini sahihi ya shahidi ni yako, afande."

"Najua. Nimezihesabu kabla hujaingia. Arobaini na nne ni zangu."

Efraimu alikuwa uani akipiga brashi viatu vya Bwana Inspekta. Alikuwa tarishi wa kituo, na pia mkalimani, maana alikuwa Mchagga, naye Bwana Inspekta alihitaji Mchagga. Alizaliwa Machame, upande wa magharibi wa mlima. Alisimama akasema shikamoo.

"Marahaba. Weka kiatu. Njoo barazani, kuna mzee nataka uongee naye."

Barazani alikuwa amekaa Katekista Wenseslaus, mzee mwembamba wa Mashati aliyeshuka mjini tangu Jumatatu ili asali na Kornel kila siku. Rozari ilikuwa imezungushwa kwenye kifundo cha mkono wake. Sadallah alimwamkia, mzee akaitikia, kisha Sadallah akamgeukia Efraimu.

"Mwulize Katekista jana alilala kwa nani na alikula nini. Kwa Kichagga."

Efraimu aliuliza. Wenseslaus alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati la jirani.

"Arudie," mzee alisema kwa Kiswahili.

Efraimu alirudia, pole pole zaidi.

"Sajini, huyu ni mtoto wa Machame," Wenseslaus alisema. "Kule kwetu hata mbuzi hawatamwelewa. Kila mto ukiuvuka, maneno yanabadilika, na kati yake na mimi kuna mito mingi. Mwanangu, sema Kiswahili tu, nami nitakujibu nilikula nini."

Efraimu alicheka. Kisha alimwona Sajini hacheki, akaacha.

"Siku ile," Sadallah alisema, "ulisema na Kornel lugha gani?"

"Nilianza Kichagga chetu, afande. Akaniangalia tu. Nikaenda kwenye Kiswahili. Kiswahili chake ni cha sokoni: bei gani, ongeza, kwaheri. Basi akaanza kusema Kirombo, akasema sana, anaonyesha kwa mikono. Anainama, anainuka. Karani akaniuliza, 'Anakubali?' Nikamwona anatikisa kichwa."

"Ulielewa maneno mangapi?"

"Basili nililielewa. Na maji."

"Ukasemaje?"

"Nikasema anakubali." Efraimu alifuta mikono kwenye kaptula. "Karani alikuwa na maelezo ya askari wa Mangi, yaani chifu wa Rombo, waliomleta, kwamba alikutwa na damu. Akaandika kufuatana na hayo."

"Alisomewa?"

"Afande, ulikuwepo."

"Nakuuliza wewe."

"Hakusomewa. Saa nne na nusu kulikuwa na gwaride la kumpokea Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Wewe ndiye uliyekuja mlangoni ukasema tumalize upesi, mistari haijanyooka. Ukatia sahihi ukiwa umesimama."

Wenseslaus aliteremsha macho kwenye rozari yake. Sadallah aliandika maneno ya Efraimu yote, hata hayo ya mwisho, akamsomea, akamwambia atie sahihi. Efraimu alitia.

Saa sita waliingia mahabusu. Kornel alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, na kucha zake zilikuwa bado na rangi ya udongo mwekundu ambayo miezi mitano ya jela haikuiondoa. Alisimama alipomwona Katekista. Alipomwona Sajini alishusha mikono ubavuni.

"Mwambie nimekuja kumwuliza upya," Sadallah alisema. "Mwambie asiache neno. Sina haraka."

Wenseslaus alisema. Kornel alijibu kwa maneno machache.

"Anauliza kama Jumamosi imesogezwa."

"Haijasogezwa. Mwambie ukweli."

Walianza. Sadallah aliandika kwa Kiingereza, kwa penseli kwanza, kisha kwa wino. Mahali alipokosa neno aliliandika kwa Kiswahili pembeni akalitafuta katika daftari lake la darasani. Kornel alisimulia hivi. Alikwenda kwenye mfongo alfajiri kwa kuwa maji yalikuwa hayafiki kwake, na ilikuwa zamu yake. Juu, pale mfereji unapofunguliwa, alimkuta Basili amelala kifudifudi majini, na maji yamezuiwa na mwili wake. Alimvuta. Alimpakata. Alipiga ukelele wa kuita watu, na watu walipokuja walimkuta na damu kifuani.

"Panga lilikuwa wapi?"

"Ukingoni."

"Panga la nani?"

Wenseslaus alitafsiri, Kornel akajibu upesi. "La Basili mwenyewe. Kila mtu Mashati analijua."

"Alimwona mtu?"

"Hakuona mtu."

"Walikuwa na ugomvi?"

Hapa Kornel alichelewa. "Walikuwa nao," Wenseslaus alisema. "Anasema Basili alimwibia maji mara tatu, naye alimtukana mbele ya watu. Anasema hataficha hilo, maana Mungu alisikia."

"Mwulize kwa nini hakuyasema haya kwa karani."

Kornel alimtazama Sajini moja kwa moja, akasema muda kidogo.

"Anasema aliyasema yote. Anasema alisema mengi, na yule mwenye kalamu akaandika machache. Alidhani Kiingereza ni lugha fupi."

"Na mahakamani?"

"Anasema mahakamani walimwonyesha karatasi wakamwuliza kama alama ile ya kidole ni yake. Ilikuwa yake. Akasema ni yake."

Walipomaliza, Sadallah aliyasoma maelezo yote tangu mwanzo, sentensi kwa sentensi, na Wenseslaus akayasema kwa Kirombo. Kornel aliwasimamisha mara mbili. Mara ya kwanza alisema Basili hakulala ukingoni bali majini kabisa. Mara ya pili alisema ilikuwa Jumanne, siyo Jumatatu. Sadallah alikata, akasahihisha, na Kornel akatia kidole kando ya kila sahihisho. Ilikuwa saa tisa. Saa tatu kamili zilikuwa zimepita.

Ndipo Sadallah akaandika ile sentensi ya mwisho. Aliiandika pole pole, akabadilisha neno moja tu. Badala ya Kichagga aliandika Kirombo.

Kabla ya jua kuchwa alikwenda kwenye stoo ya vielelezo, akatia sahihi kwenye kitabu, akapewa panga la kesi. Alifungua kamba iliyozungushwa kwenye mpini; chini yake palikuwa na herufi iliyochomwa kwa chuma cha moto. Ilikuwa B. Maelezo ya kwanza, yale ya Machi, yalisema Kornel alitoka nyumbani na panga lake mkononi. Hakuna aliyekuwa ameifungua ile kamba kabla yake.

Ijumaa saa tatu asubuhi alisimama mbele ya meza ya Bwana Inspekta. Inspekta alikuwa Mwingereza mwenye nywele za mvi, mtu wa taratibu, ambaye hakuwa na tabia ya kupiga kelele. Alisoma maelezo mapya yote. Alisoma ya Efraimu. Alisoma ya Antoni, ambayo Sadallah aliyachukua jana jioni. Kisha akayachukua maelezo ya Machi kutoka kwenye faili, akayaweka upande wa kushoto, na yale ya jana akayaweka upande wa kulia.

"Njoo huku," alisema kwa Kiswahili. "Tazama chini. Hapa kidole cha Kornel. Hapa kidole cha Kornel. Hapa sahihi ya mkalimani. Hapa pia. Hapa imesomwa kwake naye ameelewa. Hapa imesomwa kwake naye ameelewa. Shahidi, Sajini Sadallah. Shahidi, Sajini Sadallah. Niambie ipi ni ya kweli."

Sadallah alijibu kwa Kiingereza. Ilikuwa mara ya kwanza kufanya hivyo katika chumba kile. "Ya jana, bwana."

Inspekta aliinua uso. Aliendelea kwa Kiingereza. "Karatasi inanionyeshaje?"

"Hii ilichukua saa tatu. Ile dakika ishirini na tano."

"Hizo ni saa zilizoandikwa na mwandishi. Kama mwandishi wa kwanza hakuwa wa kuaminiwa, wa pili je?"

"Kuna masahihisho mawili. Mtu asiyesomewa hawezi kusahihisha."

"Mtu aliyehukumiwa kufa amepata miezi mitano ya kufikiri. Hivyo ndivyo watakavyosema."

"Mkalimani wa sasa ni mtu wa Rombo."

"Ni mtu wa kijiji chake na wa kanisa lake. Amekuwa akisali naye wiki nzima."

"Panga ni la Basili. Lina herufi yake."

"Watu wengi wameuawa kwa panga lao wenyewe, Sajini. Hilo unalijua kuliko mimi." Inspekta alivua miwani. "Mahakamani uliulizwa kama maelezo yalisomwa mbele yako. Uliapa kwa Kurani. Ulisema nini?"

"Nilisema yalisomwa."

"Yalisomwa?"

"Hapana."

"Ulijua karatasi inasema nini?"

"Sikujua Kiingereza wakati huo. Niliambiwa nitie sahihi hapo, nikatia. Mahakamani niliulizwa kama sahihi ni yangu na kama maelezo yalisomwa. Nilisema ndiyo. Niliapa uongo, bwana. Nimeliandika hilo. Ni karatasi ya mwisho."

Inspekta aliitafuta, akaisoma akiwa amesimama. Nje, Antoni alikuwa ameacha kupiga taipu.

"Unaona shida yangu?" Inspekta alisema hatimaye. "Hakuna aliyeona mauaji. Nina neno la mtu mmoja tu kwamba ungamo lilisomwa, na ni neno lako. Nina neno la mtu mmoja wa kituo hiki kwamba maelezo haya mapya yalisomwa, na ni neno lako. Ukiwa mkweli leo, ulikuwa mwongo Machi. Kwa hiyo ninampelekea Gavana neno la mwongo, kwa kukiri kwake mwenyewe. Na yeye atauliza maelezo mengine kwenye ile droo yana nani chini yake."

"Arobaini na nne yana mimi."

"Wangapi kati ya hao walikwisha kunyongwa?"

"Wawili, bwana."

Inspekta alikaa. Alichukua fomu ya simu ya maandishi, akaandika kwa muda, akafuta, akaandika tena. Alimpa Sadallah aisome. Ilieleza kila kitu kwa maneno machache na haikuficha lolote. Iliomba safari ya Kornel isimamishwe kwa siku saba.

"Naipeleka," alisema. "Ni wajibu wangu. Lakini usiende kumwambia kitu chochote bado."

Sadallah alikwenda msikitini kwa swala ya Ijumaa. Alikaa nyuma kabisa. Watu walipotoka yeye alibaki, akaongeza rakaa mbili, akarudi kituoni akasimama chini ya dirisha la chumba cha simu. Efraimu alimletea chai. Hakuna aliyeinywa.

Jibu lilikuja saa tisa na nusu. Inspekta alimwita, akamsomea bila kukaa. Mambo yaliyotajwa yamefikiriwa. Hakuna sababu mpya inayoweza kutegemewa. Safari iendelee kama ilivyopangwa. Sajini aliyetajwa asimamishwe kazi kuanzia Jumatatu akingoja mashtaka.

"Jumatatu," Inspekta alisema. "Kwa hiyo kesho bado uko kazini. Sitakupanga kwenye kikosi cha kumsindikiza."

"Nitakwenda naye mpaka stesheni, bwana, ukiniruhusu."

"Nimekuruhusu." Alikusanya karatasi za Sadallah, akazilinganisha kingo, akazitoboa, akazifunga ndani ya faili nyuma ya hukumu. "Nilizisoma kwa makini, unajua. Kiingereza chako ni safi. Sikuona mahali pa kusahihisha."

Aliyemwambia Kornel alikuwa Wenseslaus. Sadallah alisimama kando. Mzee alisema kwa utulivu, Kornel akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Anasema mkewe, Dominika, yuko Kiboriloni kwa dada yake. Kila siku anamletea chakula saa saba. Kesho saa sita atakuwa akimtayarishia chakula, na atafika gari limekwisha kuondoka. Anataka aambiwe leo, ili awahi mapema."

"Tutakwenda sasa."

"Anasema pia ahsante kwa kumsikiliza." Wenseslaus alisita. "Anakuambia wewe."

Sadallah aliitikia kwa kichwa. Akavaa kofia yake, akafungua mlango.

Walikwenda kwa miguu. Njia ya Kiboriloni ilikuwa imejaa akina mama wanaorudi sokoni na vikapu vitupu, na mlima ulikuwa umejifunika wote. Wenseslaus alitembea kwa fimbo, akisali kimoyomoyo, midomo ikicheza. Karibu na soko walipinda kushoto, wakapita kati ya nyumba za udongo zilizobanana, wakaonyeshwa mlango.

Dominika alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, akimenya ndizi za kesho na kuzitupa kwenye sufuria ya maji. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, kitambaa cheupe kichwani. Aliwaona, akaendelea kumenya mpaka akamaliza ile aliyoishika. Kisha alifuta kisu kwenye ganda, akakiweka chini.

"Mwambie yote," Sadallah alisema. "Mwambie karatasi ya kwanza haikusomwa. Mwambie sahihi ilikuwa yangu. Mwambie tulijaribu, na jibu limekataa. Mwambie stesheni ni saa sita, lakini aje saa tatu, nitamwingiza mimi mwenyewe aonane naye."

"Yote hayo?"

"Yote. Usifupishe."

Wenseslaus alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mbele yake, akaanza. Alisema kwa muda mrefu. Sadallah alisimama amevua kofia. Alilisikia jina lake likitajwa mara mbili, na mara ya pili Dominika alimtazama, kisha akarudisha macho kwa mzee. Hakulia. Dada yake alikuwa ametoka mlangoni na kusimama hapo, mkono mdomoni.

Mzee alipomaliza, Dominika alianza kusema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayempangia mwenziwe kazi za shamba. Alihesabu kitu kwa vidole. Alionyesha juu, upande wa mlima. Mara moja alicheka kidogo, pumzi tu, na dada yake mlangoni akageuza uso ukutani. Alisema mpaka maji ya sufuria yakawa meusi kwa utomvu wa ndizi. Kisha alikiokota kisu, akachukua ndizi nyingine.

Wenseslaus alisimama, akamfanyia ishara ya msalaba, akashika fimbo yake.

Sadallah alingoja. "Amesema nini?"

"Twende, Sajini."

"Nimekuuliza amesema nini."

"Alikuwa anasema na Kornel," mzee alisema. "Hakusema na sisi."